Nilivyompimia Mama Maji

Baba alipoleta nyumbani pampu ya kupulizia dawa ya magugu, mtu wa kwanza kufurahi alikuwa mama. Naanza na hilo makusudi, maana nikisimulia habari hii watu hukimbilia kumlaumu mzee. Kabla ya pampu, palizi ya chai yetu yote ilikuwa juu ya mgongo wa mama na jembe lake. Wapita njia hutazama mashamba ya chai wakiwa garini wakasema, loo, yamependeza. Waingie humo basi wakiwa wameinama, wang'oe magugu ya sangari kati ya mashina huku mvua ya saa nane ikiwachapa, halafu waje tuongee.

Shamba letu liko upande wa Kimulot, kwenye mteremko. Chai iko juu, nyumba katikati, na chini kabisa, kwenye miti michache ya kiasili iliyobaki, kuna chemchemi. Maji yake ni baridi mpaka meno yanauma. Bibi aliwazaa watoto wake wote akinywa hayo maji, mama naye hivyo hivyo, na mimi na dada yangu mdogo tulijifunzia hapo kubeba mtungi.

Dawa ilifanya kazi, haki. Siku tatu tu, magugu yakawa yamekauka yote na mama akakaa mlangoni akanyoosha miguu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mchana. Baba na majirani watatu wakaanza kusaidiana, wiki hii kwetu, wiki ijayo kwao. Dawa huchanganywa na maji, na maji yalikuwa chemchemini, kwa hivyo walijaza pampu huko na wakimaliza waliziosha huko huko. Hakuna aliyeona ubaya. Jembe huoshwa pale, miguu huoshwa pale, kwa nini pampu ikaoshwe kwingine?

Mama ndiye aliyeanza kuona. Msimu wa pili wa mvua ndefu alimwambia baba wakila, "Haya maji yamebadilika."

"Yamebadilika namna gani?"

"Vyura wamehama. Na zile nyasi za ukingoni zimeungua."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Sasa unataka tuwaandikie vyura barua warudi?"

Habari ilifika kituo cha kuuzia majani ya chai kabla ya jua kuzama, na kuanzia siku hiyo wanaume wa pale wakamtania kwa jina la mama wa vyura. Yeye alichukua mtungi, akaufunga mgongoni kwa kamba, akaanza kuteka maji kwenye mto wa upande wa pili wa kilima. Ni nusu saa kwenda, na kurudi ni kupanda tu.

Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alinionyesha mtoto wa dada yangu. Dada alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, mwendo wa kutupa sauti, na kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai alimwacha binti yake kwa mama. Kilikuwa kitoto kinono, chenye hasira kama zangu, kinachouma vidole. "Mimi nimezeeka," mama alisema, "tumbo langu ni gunia, linabeba chochote. Lakini huyu?"

Huo ndio ulikuwa ugomvi wote. Baba alisema maji ni mazima. Mama alisema hayafai kwa mtoto. Na mimi, binti mkubwa niliyesomeshwa kwa chai hiyo hiyo, nikajifanya hakimu.

Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Mhadhiri niliyefanya naye kazi alikuwa mzee mpole, mwenye koti moja. Alikuwa akitafuta njia rahisi ya kugundua dawa ile ile ya magugu ndani ya maji. Mashine kubwa za kazi hiyo zilikuwa ng'ambo. Sisi tulikuwa na umeme, penseli na udongo. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Kihisi chetu, yaani kifaa cha kuinusa dawa, tulikitengeneza kwa mkono: bomba la sindano ya plastiki lililokatwa mdomo, likajazwa uji mzito wa unga wa penseli na mafuta, ukachanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo, halafu waya wa shaba nyuma. Udongo tuliutia kwa sababu dawa ile hupenda kushika udongo, kwa hivyo ingekuja yenyewe kujibandika kwenye kihisi.

Unakitumbukiza kwenye kikombe kidogo cha maji yenye chumvi, mashine ndogo inasukuma umeme polepole, na kalamu yake inachora mstari kwenye karatasi. Kama dawa imo, umeme ukifika kiwango fulani dawa inaupokea, na kalamu inapanda na kushuka, ikiacha nundu. Nundu kubwa, dawa nyingi. Mstari ukinyooka bila nundu, hakuna dawa. Nilifundishwa kuusoma ule mstari mpaka nikawa nauota, na nilijivuna, sitaficha. Nilikuwa mtoto wa Kimulot ninayeona kisichoonekana.

Krismasi moja nilienda nyumbani nikajisifu kama kawaida yangu. Baba alisikiliza akatikisa kichwa. "Basi apime," alimwambia mama. "Mashine haina mama wala baba. Ikisema maji ni mabaya, pampu naihamisha. Ikisema ni mazuri, wewe utaacha kunitembeza midomoni mwa watu."

Mama alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Mtoto wangu akisema maji ni mazuri," alisema, "nitayanywa."

Nilimwachia chupa sita za plastiki. Za kioo hazifai, kwa sababu dawa ile hujishika kwenye kioo, na hilo nilimweleza kwa fahari kubwa. Nikamwambia asubiri mvua ndefu zianze, wanaume wapulize, mvua inyeshe juu yake, ndipo ateke. Nikamwambia pia, na maneno haya nimeyarudia kichwani miaka yote: "Chupa iwe safi kabisa, mama. Isafishe kama unavyosafisha chombo cha maziwa."

Chupa zilinifikia mwezi wa nne, zimeshonewa ndani ya gunia, zimeletwa na mwalimu wa kwetu aliyekuwa na safari ya mjini. Kila moja ilikuwa imefungwa kwa kitambaa na uzi, fundo juu ya fundo. Nilicheka peke yangu nikizifungua, nikasema huyu mwanamke angefaa kuwa fundi kuliko mimi.

Nilichuja maji kwanza, kama inavyotakiwa. Kwenye karatasi ya kuchujia kukabaki weusi kidogo, chembe ndogo ndogo. Nikadhani ni udongo wa chini ya miti. Nikapima. Mstari ukanyooka. Nikapima chupa ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kalamu ilipita bila kutingishika. Nikatia shaka kihisi, nikadondosha dawa kidogo kwa makusudi kwenye yale maji yaliyochujwa. Nundu ikapanda hapo hapo. Kihisi kizima, maji mazima. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu, na ndiyo maana nilijiamini kama mjinga.

Niliandika barua siku hiyo hiyo. Niliwaambia maji ya chemchemi hayana dawa na wanywe bila wasiwasi. Niliongeza utani kwamba vyura labda wamepata kazi Kericho.

Baba aliisoma kwa sauti kwenye kituo cha majani, watu wakisubiri kupimiwa. Alisoma na utani wa vyura. Nimeambiwa watu walishika mbavu. Mama alikuwa kwenye foleni na kikapu chake mgongoni, na alisikia yote, kuanzia jina la maabara mpaka salamu za mwisho. Alipofika nyumbani aliutua ule mtungi wa mtoni, akamwambia dada yangu aliyekuja kumchukua mtoto, "Basi nilikosea." Kesho yake alishuka chemchemini kama zamani, na uji wa mtoto ukapikwa kwa maji ya hapo.

Mtoto alikufa mwezi wa nane. Alianza kutapika Jumatatu, akaharisha, Jumatano wakampeleka hospitali, Ijumaa hakuwepo. Daktari alisema ni tumbo, maji ya mwili yalimwishia. Watoto wetu walikufa hivyo miaka hiyo hata pale ambapo hapakuwa na shamba la chai wala pampu, na naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia kulala.

Nilienda mazishini. Kaburi lilikuwa fupi mno. Dada yangu hakulia, alishika tu blanketi la mtoto na kila mtu aliyejaribu kulichukua alimsukuma. Mama alipika, akagawa chakula, akaosha vyombo, akakataa kukaa. Jikoni, mwanamke mmoja wa jirani alinong'ona kwamba pengine ni yale maji, si mama alikuwa akisema? Nilimgeukia nikamfokea mbele ya watu.

"Maji yalipimwa! Nimeyapima kwa mkono wangu. Kama hujui kitu, nyamaza."

Alirudi kwenye sufuria yake, masikini. Mama alikuwa kwenye kona akimenya viazi, na nilimwona akiinua kichwa kidogo halafu akakirudisha. Nilidhani nimemtetea.

Watu husema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu mtu akianza methali hiyo mimi hutoka nje.

Nilirudi tena mwezi wa kumi na mbili. Asubuhi ya pili nilimkuta mama nyuma ya jiko akiandaa vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Msomaji asiye wa kwetu aelewe: kibuyu hakioshwi kwa maji peke yake. Unachukua kijiti cha mti tunaouita senetwet, unakichoma mpaka kiwe kaa, halafu unasugua ukuta wa ndani wa kibuyu mpaka uwe mweusi, unakung'uta unga unaozidi, ndipo unatia maziwa. Mkaa ule unayafanya maziwa yakae bila kuharibika na unayapa harufu. Msichana asiyejua kufanya hivyo huambiwa hajafundwa.

Kando ya vibuyu palikuwa na chupa ya plastiki, ndogo, aliyomwekea dada yangu maziwa ya kubeba kazini. Mama alilisaga lile kaa kuwa unga, akaumimina ndani ya chupa, akaitikisa, akaikung'uta kwenye kiganja. Ndani ukabaki utando mwembamba mweusi.

Nilimuuliza, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali, "Mama, hata za plastiki unazitia mkaa?"

"Za maziwa, ndiyo." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Zile zako nilizitia mara mbili. Si ulisema kama chombo cha maziwa? Sikutaka uaibike huko kwa wasomi."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Mtu akinywa ile dawa ya magugu kwa bahati mbaya, hospitali humnywesha unga wa mkaa, kwa sababu mkaa huishika isiende mwilini. Nilijua hilo. Nilikuwa nimelisoma, nimelieleza kwa wanafunzi. Mama alikuwa amezipaka chupa zangu sita kitu kinachonyonya dawa kuliko udongo wetu wa mfinyanzi, akazijaza, akazifunga, zikakaa siku kadhaa njiani. Chochote kilichokuwemo kilibaki kwenye zile chembe nyeusi nilizozichuja na kuzitupa.

"Una nini?" aliuliza.

"Njaa tu."

Jana yake jioni mvua ilikuwa imenyesha, na wanaume walikuwa wamepulizia wiki hiyo. Niliosha chupa mpya mbili kwa maji peke yake nikashuka chemchemini. Mama alinifuata na kipande cha kaa mkononi, anisaidie.

"Wacha, mama!" Nilimkemea kama mtoto. "Usiguse!"

Alisimama. Akalirudisha lile kaa kwenye mfuko wa aproni, akapanda mlima polepole.

Nairobi, nundu ilipanda. Haikuwa mlima, lakini ilikuwa nundu, na kila mtu mwenye macho angeiona. Nikachukua maji safi, nikatia dawa ninayoijua kipimo, nikayaweka kwenye chupa niliyoipaka mkaa mwenyewe, nikasubiri siku nne. Mstari ukanyooka, wote, kama ule wa mwezi wa nne. Mhadhiri alizitazama zile karatasi mbili akiwa amevua miwani. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya mtoto.

"Maji haya mimi nisingempa mtu," alisema. "Kama ndiyo yaliyomuua yule mtoto, sijui, na wewe hujui, na hakuna mashine itakayotuambia sasa. Lakini nenda nyumbani ukawaambie."

"Nitaenda Ijumaa."

Sikwenda. Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na sitaki mtu aipitie haraka. Nilisema nirudie vipimo, nikavirudia. Nilisema barabara imeharibika kwa mvua. Nilianza barua tatu nikazichana zote, kwa sababu kila nilipofika kwenye neno mkaa, nilimwona mama na zile chupa, fundo juu ya fundo. Ningemwambiaje kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha mbele ya kijiji kizima, na kwamba mkono wake mwenyewe, kwa upendo, ndio uliouficha ukweli wake? Ningeweza kuandika maneno manne tu, msinywe maji ya chemchemi, nikayaacha mengine. Hata hayo sikuandika. Mwezi mzima ulipita. Na nilikuwa najua, maana dada alikuwa ameniandikia akiwa na furaha kidogo kidogo, kwamba alikuwa mjamzito tena, na kwamba mama anamtekea maji ya chemchemi ili asipande mlima na mzigo.

Nitaruka mbele mara moja, nimseme baba, halafu nimwache. Baba hakuwahi kumwomba mama msamaha kwa mdomo, wanaume wa rika lake hawakufunzwa hivyo. Lakini alipojua, alichimba shimo mbali, juu kabisa, la kuoshea pampu, akawafuata wale majirani watatu mmoja mmoja. Kisha akachukua mtungi na kamba akawa anakwenda mtoni yeye mwenyewe. Mzee wa Kikipsigis kubeba maji mgongoni! Watu walisimama barabarani kumtazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto wa pili wa dada alizaliwa mzima, nashukuru Mungu, na ni mtu mzima sasa.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza ndipo nilipokwenda. Mama alikuwa kwenye chai, kikapu mgongoni, vidole vyake vikitembea juu ya majani bila yeye kuvitazama. Nilisimama upande wa pili wa mstari wa chai, kichaka kati yetu, na nilisema kwa Kikipsigis kwa sababu kwa Kiswahili ningejificha kwenye maneno makubwa.

"Mama, ulikuwa sahihi. Maji yana dawa."

Vidole vikasimama. "Si mashine ilikataa?"

"Ilikosea."

"Mashine haina mama wala baba. Ilikosea vipi?"

"Mama, hayo ya ufundi..."

"Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mkaa, na kwamba kosa lilikuwa langu, mimi niliyesema kama chombo cha maziwa, mimi niliyeona chembe nyeusi nikazitupa bila kuuliza. Nilisema kosa ni langu mara nyingi, haraka haraka, nikidhani nikirudia vya kutosha halitabaki lake la kuchukua. Yeye aliangalia mikono yake. Vidole vya mchuma chai huwa vyeusi kwa utomvu, havitakati hata Jumapili.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Daktari alisema ni tumbo."

"Daktari alipima maji?"

Upepo ulipita juu ya chai, na chini kule nilisikia mtu akipasua kuni. "Sijui, mama," nilisema. "Hakuna anayejua. Hakuna atakayejua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Akafungua kamba, akatua kikapu kikiwa nusu, akakiacha pale pale kati ya mistari, kitu ambacho mama hakuwahi kufanya tangu nizaliwe. Akaanza kuteremka.

"Unaenda wapi?"

"Kumwambia mwenye mtoto."

"Mama, yuko mjamzito. Ngoja kwanza ajifungue. Tutamwambia tu asinywe, hayo mengine..."

Alisimama akanigeukia, na hasira niliyoiona hapo ndiyo hasira niliyorithi, sikuwahi kuijua ilikotoka. "Mimi nilimpikia mtoto wake uji kwa hayo maji. Unataka niketi naye, nile chakula chake, nimbebe huyu anayekuja, na jambo hili ninalo tumboni? Kama wewe unaweza, baki."

Nikamfuata. Tulivuka bonde, yeye mbele, mimi nyuma. Dada alikuwa mlangoni kwake, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwenye ungo, tumbo limejaa mapajani. Alipotuona alifurahi kwanza. Halafu akaona mama hana kikapu wala mzigo, akaweka ungo chini.

Alimpa mama kigoda, mama akakataa. Alisema akiwa amesimama, mikono mbele, kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa. Hakunitaja. Alisema maji ya chemchemi yalikuwa na dawa. Alisema chupa zilizopelekwa kupimwa alizitia mkaa kwa mkono wake, na mkaa ukaficha dawa. Alisema uji wa mtoto aliupika kwa maji hayo tangu barua ilipokuja mpaka siku mtoto alipougua, na kwamba hakuna mtu anayejua kama ndiyo yaliyomuua, lakini alimpa yeye, kwa kijiko, na mtoto alimwamini akafungua mdomo.

Mimi nililia, kwa kelele, kama mwehu. Wao wawili hawakulia.

Dada alikuwa amerudi kukaa, mkono juu ya tumbo. Kisha aliinuka kwa shida, akamshika mama mabegani, akamkalisha kwenye kile kigoda kama anavyokalishwa mgonjwa.

"Mama," alisema, "wewe ulibeba maji ya mto mgongoni kwa ajili yake huku watu wakikucheka. Uliacha kwa sababu uliambiwa uache."

Akanigeukia. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Mwezi wa kumi na mbili nilishuku," nilisema. "Baada ya mwaka mpya nikajua."

"Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia tarehe.

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza, na kila siku aliyoihesabu aliigusa kwa kiganja kwenye tumbo, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Halafu akaingia ndani. Nilisikia moto ukichochewa, nikasikia sukari ikikorogwa. Katika nchi yetu hata anayekuja kukudai hunyweshwa chai. Hata adui. Alitoka na birika mkono mmoja na kikombe kimoja mkono mwingine, akakijaza, akamshikisha mama kwa mikono miwili.

"Ni maji ya mvua, mama," alimwambia. "Kunywa."

Mama akanywa. Dada akafunika birika, akairudisha ndani.